Maji Kwanza, Kitambaa Baadaye: Kutunza Seramiki ya Gari Kati ya Nakivale na Mbarara

Ukishalipia gari lako lipakwe seramiki, iwe Kampala au Mbarara, kazi kubwa bado iko mbele yako. Fundi amemaliza yake kwa siku moja au mbili; yako itaendelea kwa miaka. Wengi hawaelezwi hivyo wakati wa kulipa. Wanaambiwa rangi imepata kinga, maji yatateleza, uchafu hautashika, na wanaondoka wakiamini gari sasa linajitunza lenyewe. Miezi ikipita, baada ya safari nyingi za kwenda na kurudi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, boneti inaonyesha mikwaruzo juani, maji hayateremki tena kama zamani, na lawama anatupiwa fundi au chupa ya dawa. Mwongozo huu una hoja moja: kwa gari la barabara hizi, adui wa kwanza wa seramiki ni kitambaa kinachopita juu ya vumbi kavu. Jua, kinyesi cha ndege na sabuni mbaya vina sehemu yake, lakini madhara yake ni madogo ukiyalinganisha na ya mkono wenye haraka. Ukielewa sababu, utaona pia kwamba matunzo mazuri hayadai maji mengi wala fedha nyingi.

Tuanze na kile hasa ulichonunua. Seramiki ya gari ni dawa ya majimaji yenye viambata vya silika. Ikipakwa, hushikana na klia, lile tabaka angavu ambalo fundi rangi hulipuliza mwisho, kisha hukauka na kuwa utando mgumu unaong'aa. Utando huo ni mwembamba mno: kwa kawaida maikroni 1 hadi 2, ilhali klia ya kiwandani ina karibu maikroni 40 hadi 50, na unywele wa mtu karibu maikroni 70. Kazi yake ni kuzuia maji na uchafu kung'ang'ania rangi, kupunguza makali ya kemikali, na kuisaidia klia dhidi ya jua. Hilo la jua si dogo kwetu, kwa sababu Mbarara iko karibu na ikweta kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, na miale yake ni mikali mwaka mzima. Lakini kitu chenye unene wa maikroni 2 hakizuii kokoto iliyorushwa na tairi la lori, wala hakiwezi kusuguliwa kwa mchanga kila asubuhi kikabaki salama.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapokuja. Chupa nyingi zimeandikwa 9H, na muuzaji hukuhakikishia kwamba huo ni ugumu ambao hakuna kitu kinachoukwaruza. Ukweli ni kwamba 9H ni kipimo cha penseli. Katika jaribio hilo, penseli za ugumu mbalimbali husukumwa juu ya rangi iliyokauka, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote zinazotumika. Maana yake ni kwamba penseli hiyo haikuacha alama, basi. Wanaopima ugumu wa mawe hutumia mizani nyingine, ile ya Friedrich Mohs ya karne ya 19, inayoanzia 1 kwa talki hadi 10 kwa almasi. Kwenye mizani hiyo kwatzi, madini yanayotawala mchanga wa kawaida, ina namba 7, na inakwaruza kioo cha dirisha. Penseli haikwaruzi kioo. Kwa hiyo seramiki inaweza kufaulu jaribio la penseli maabara na bado ikashindwa na chembe ya mchanga iliyobanwa kati ya kitambaa na boneti.

Sasa itazame barabara yenyewe. Njia ya Mbarara kwenda Kikagati ina lami, na dereva anayepita Kaberebere hadi Isingiro anaweza kudhani gari lake liko salama. Ukiiacha lami kuelekea makazini unaingia changarawe nyekundu, inayosagwa kila siku na malori, boda, teksi za Toyota Noah na magari ya mashirika. Vumbi lake ni mfinyanzi laini uliopewa wekundu na oksidi za chuma, ukiwa umechanganyika na chembe za kwatzi. Mfinyanzi ndio unaoshika, kwatzi ndiyo inayokata. Kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi hilo hulala juu ya bodi mchana kutwa, umande wa usiku ukalilowesha, na alfajiri likawa ukoko. Kisha dereva, iwe Base Camp, Juru au Rubondo huko Nakivale, anavuta kitambaa chini ya kiti na kufuta boneti kwa mizunguko mikubwa ili abiria wa kwanza akute gari linapendeza. Kitambaa hicho bado kimebeba chembe za jana. Ukitaka kuona kilichotokea, subiri usiku uelekeze tochi ya simu kwenye sehemu yenye rangi nyeusi au bluu: mistari myembamba itaizunguka nuru kama utando wa buibui. Kila mstari ni njia iliyopitiwa na chembe moja chini ya kitambaa.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza haina hiari: kitambaa kikavu kisiguse gari lenye vumbi. Gari likishinda na vumbi hadi jioni halipati hasara yoyote, lakini mkwaruzo ulioingia asubuhi hautoki kwa kuoshwa. Utatoka kwa kusugua polishi, na polishi inaondoka na seramiki yenyewe. Kama unabeba abiria na unaona aibu kusimama kituoni na gari jekundu, mwagia maji na usafishe vioo, taa, vioo vya pembeni na namba ya gari, bodi uiache isubiri. Vitu hivyo vinne ndivyo vya usalama na vya sheria. Urembo una saa yake.

Siku za mwanzo zina sharti lake. Seramiki mpya huhitaji saa 24 hadi 48 bila kuguswa na maji, na kwa kawaida siku saba bila sabuni, kwa sababu bado inaendelea kukauka na kushikana na klia. Zipo dawa zinazotaka muda mrefu zaidi. Fuata maelezo ya chupa uliyopakiwa. Panga safari yako kabla ya kupanga siku ya kupaka: gari likitoka kwa fundi lilale Mbarara chini ya paa, lisirudi makazini jioni hiyo hiyo likafunikwa vumbi kabla utando haujakomaa. Epuka pia katikati ya masika, Machi hadi Mei, kama huna mahali pakavu pa kuliweka. Mvua ikilikuta mapema, yafyonze matone kwa taulo laini bila kusugua, yasikaukie juu ya bodi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linastahili jibu la heshima. Nani aoshe gari mahali ambapo watu wanapanga jerikani bombani? UNHCR inalenga kila mkimbizi apate angalau lita 20 za maji kwa siku, yaani jerikani moja ya kunywa, kupikia, kuogea na kufulia. Mpira wa maji wa kawaida hutoa lita 10 hadi 15 kwa dakika. Kwa dakika kumi umemwaga lita 100 hadi 150, ambazo ni maji ya siku nzima ya watu watano hadi saba. Hesabu hiyo inanitosha kusema kwamba gari lisioshwe kwa mpira ndani ya makazi, hata kama mwenye gari ana uwezo wa kulipia. Lakini haimaanishi kwamba gari lisioshwe kabisa. Seramiki iliyo hai huachia uchafu haraka, kwa hiyo kinachohitajika ni maji kidogo yanayotumika kwa mpangilio mzuri, na lita 40 zinatosha gari la kawaida.

Chombo kinachofanya hilo liwezekane kinajulikana na kila mkulima wa Isingiro: bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa, la lita 16 au 20. Nunua jipya na ulitenge kwa ajili ya gari pekee. Lililowahi kubeba dawa ya magugu lisije karibu na rangi wala mikono yako. Weka gari kivulini, bodi ikiwa imepoa. Nyunyiza kama lita 10 za maji matupu kuanzia paani ukishuka, usubiri dakika mbili tatu vumbi lilegee, huku ukirudia penye tope zito. Kisha nyunyiza lita 3 za maji yenye shampuu ya gari, uiache iteremke na uchafu bila kukauka. Mpaka hapo hakuna kilichogusa rangi, na sehemu kubwa ya chembe zinazokata imekwisha kushuka. Ndipo uchukue ndoo mbili, moja yenye lita 8 za shampuu, nyingine lita 7 za maji safi. Glavu ya maikrofaiba ichovye kwenye shampuu, pitisha kipande kimoja kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, ioshe kwenye ndoo ya maji safi, ndipo urudi kwenye shampuu. Anza paa, vioo, boneti, juu ya milango. Sehemu za chini ya milango, bampa na rimu ziwe za mwisho na ziwe na sponji yake. Lita 12 zilizobaki ni za kusuuza.

Kukausha ni sehemu ya kuosha, na watu wengi huiharibu kwa kuiachia jua. Tone likikauka juu ya bodi, maji yanaondoka na madini yanabaki: chokaa, magnesi, silika. Seramiki huyakusanya maji yawe matone, hivyo madini nayo hukusanyika mahali pamoja na kuacha duara jeupe linaloshika sana. Ndiyo maana uoshe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Lilaze taulo la maikrofaiba juu ya maji, lisubiri linywe, linyanyue. Maji yako yana chokaa kiasi gani? Birika la nyumbani litakujibu: likijenga ukoko mweupe ndani, maji hayo usiyatumie kusuuza mara ya mwisho. Maji mazuri kuliko yote kwa kazi hii ni ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, kwa kuwa hayana madini ya ardhini. Acha tu mvua ya kwanza isafishe paa ndipo ukinge. Maji ya ziwa yasiyochujwa yana tope na mwani, na ukiyatumia unarudisha kwenye rangi kile ulichokuwa unakiondoa.

Kuhusu sabuni, kosa la kawaida ni sabuni ya unga ya kufulia. Ni kali upande wa alkali, imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na chembe zake zisizoyeyuka vizuri hukwaruza. Ukiitumia mara kwa mara, utando hupoteza uwezo wa kusukuma maji mapema. Sabuni ya mche huacha utelezi mweupe, hasa kwenye maji ya chokaa. Sabuni ya maji inayotengenezwa na vikundi vya akina mama na vijana ni kazi ya halali na inafaa vyombo na sakafu, lakini nguvu yake hubadilika kila inapopikwa kwa sababu kiasi cha magadi au asidi hakifanani. Karatasi ya kupimia asidi inayouzwa maduka ya maabara itakuonyesha kama iko karibu na pH 7, yaani si asidi wala alkali. Shampuu ya gari isiyo na waksi ndiyo salama, na chupa moja hudumu sana kwa kuwa kinachohitajika ni kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo. Mafuta ya taa na dizeli, ambavyo baadhi ya waoshaji hupaka ili bodi ing'ae, uvikatae kabisa: mng'ao wake ni mafuta, na mafuta hukamata vumbi jipya kabla hujafika kona ya pili.

Wenye magari wengi wataniambia kwamba hawana muda wa ndoo mbili, na kwamba gari lao huoshwa na vijana wa mjini. Hilo halivunji hoja. Linahamisha tu mahali pa kuitekeleza. Kijana anayeosha analipwa kwa gari, si kwa saa, kwa hiyo haraka yake ina sababu ya haki. Mlipe zaidi kidogo kwa ajili ya muda, njoo na glavu, taulo na shampuu yako, na umweleze kwa upole kabla hajaanza: "Ndugu yangu, maji kwanza, kitambaa baadaye." Mashine ya presha haidhuru seramiki iliyokomaa ikishikwa umbali wa nusu mita, kinachodhuru ni sponji iliyoanguka chini ikaokotwa, na taulo lililotumika kwenye rimu za gari lililotangulia. Chagua mahali penye mfereji unaopitia shimo la kuchuja, mbali na mto. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaulinda Mto Rwizi kwa mita 100 kila upande, na kwa sababu nzuri: Mbarara huchota maji ya bomba Rwizi, na mto huo unaelekea kwenye kundi la maziwa ambalo Ziwa Nakivale ni mojawapo. Povu na mafuta ya gari yanayoingia mtoni Mbarara yana safari ya kuwafuata watu walio chini ya mkondo.

Itafika siku maji yatatanda bapa badala ya kujikusanya, na utashawishika kuamini seramiki imekufa. Usikimbilie kulipia upya. Mara nyingi utando upo, ila umefunikwa na filamu ya mfinyanzi, moshi wa dizeli na madini. Osha vizuri kwa utaratibu ulioelezwa, kisha jaribu sehemu ndogo ya boneti kwa shampuu yenye asidi kidogo iliyotengenezwa kuondoa chokaa, na sehemu nyingine kwa dawa ya kuyeyusha chembe za chuma zitokanazo na breki. Matone yakirudi pale ulipojaribu, fanya gari zima. Yasiporudi hata baada ya hapo, basi utando umechakaa. Kila miezi mitatu au minne, pulizia dawa nyepesi yenye silika juu ya gari safi na kavu, ukaipanguse kwa taulo safi. Safu hiyo ndiyo itakayoliwa na barabara badala ya ile uliyoilipia ghali.

Madoa yana kanuni moja, nayo ni kuwahi. Kinyesi cha ndege kina asidi, na jua la mchana hukipikia rangini. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, kisha kinyanyue bila kusugua. Wadudu wa usiku kwenye bampa vilevile. Isingiro ni nchi ya ndizi, na utomvu wa mkungu uliokatwa karibuni hudondoka bila kuonekana, halafu hugeuka doa la kahawia lisilotoka kwa maji. Ukibeba matoke, tandika turubai hadi ukingoni mwa mlango wa nyuma, na utomvu ukidondoka uoshe ungali mbichi. Kokoto ni jambo jingine: kinga yake ni kuacha nafasi nyuma ya malori na kufunga madigadi ya mpira.

Linabaki swali la mwisho: je, yote haya yana faida kwa gari la miaka kumi na kitu? Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, na mengi yanayonunuliwa yamekaribia umri huo. Klia ya gari kama hilo huenda imeshasuguliwa polishi mara kadhaa huko lilikotoka, na kila mara imepungua. Hiyo ni sababu ya kuitunza iliyobaki, kwa kuwa ikiisha dawa ni kupaka rangi upya, na bei ya kuliuza inashuka. Lakini niseme wazi kwa anayefanya teksi ya changarawe kila siku na hana namna ya kujua nani ataliosha gari lake: wewe paka waksi ya kawaida mara kwa mara, fedha ya seramiki uiweke kwenye matairi na breki. Seramiki inamfaa yule anayeweza kusimamia uoshaji wake. Kama ni wewe, anza leo kwa hatua isiyogharimu shilingi yoyote: kitoe kile kitambaa kikavu kilicho chini ya kiti, usikirudishe.